Asubuhi ya Baridi, Kabureta Hushtakiwa Kwanza

Petroli haiwaki ikiwa majimaji. Kinachowaka ndani ya silinda ni mvuke wake uliochanganyika na hewa kwa kipimo kinachofaa, na kazi yote ya kabureta ni kuyapasua mafuta yawe matone madogo ili yapate kugeuka mvuke njiani, kabla plagi haijatoa cheche. Injini ikiwa na moto wake, kazi hiyo ni nyepesi, kwa kuwa hedi, shingo ya kuingizia hewa na kuta za silinda vyote vina joto la kuyakausha matone. Injini iliyolala nje usiku kucha haina joto hilo. Matone yanagonga chuma baridi na kunata ukutani kama umande, na kinachofika kwenye plagi ni hewa yenye mvuke haba usioshika moto. Ndipo mwendesha bodaboda wa Njombe au Limuru anapopiga kiki mpaka akavua koti, na pikipiki ikikubali kuwaka inakohoa, inazima, inawaka tena na kutetemeka kwa dakika tano nzima kabla haijawa ya kupandisha abiria.

Kwa uzito, kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue yote. Lakini hesabu hiyo ni ya mafuta yaliyokwisha kuwa mvuke. Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vingine vikichemka kwenye nyuzi 30 hivi za Selsiasi na vingine vikingoja mpaka zipite 200. Kwenye baridi ni vile vyepesi tu vinavyopata kuruka. Kwa hiyo, ili mvuke utoshe, injini baridi lazima inyweshwe mafuta mengi kuliko inavyohitaji, sehemu kubwa ikibaki majimaji bila faida mpaka chuma kipate joto. Kunywesha huko ndiko kazi ya choki, na ni kwa dakika moja au mbili tu.

Katika nchi zenye majira ya theluji, viwanda hubadili petroli kwa msimu, na ile ya miezi ya baridi huongezwa vimiminika vyepesi ili magari yawake. Afrika Mashariki haina mpango wa namna hiyo. Petroli inayouzwa Makete mwezi wa Julai, umande ukiwa umeganda kwenye majani, imeshuka bandarini kwa meli ileile iliyoleta petroli inayouzwa Temeke kwenye joto. Juu ya hayo kuna suala la mwinuko. Kwenye mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ina uzito wa kama asilimia 80 ya hewa ya pwani, ilhali matundu ya kabureta ni yaleyale. Matokeo yake, mchanganyiko unazidi mafuta kwa takriban sehemu moja ya kumi. Pikipiki ya nyanda za juu basi ina shida mbili zinazopingana. Alfajiri inakufa njaa kwa sababu mafuta hayageuki mvuke, na adhuhuri imeshiba kupita kiasi kwa sababu hewa ni nyepesi. Fundi anayeletewa pikipiki hiyo saa sita mchana hukuta plagi nyeusi, akapunguza mafuta, akaondoa weusi. Kesho yake asubuhi pikipiki haiwaki kabisa. Hakukosea alichokiona. Alikiangalia saa isiyo yake.

Kabureta imedumu huku kwa sababu zinazoeleweka. India, inakotoka sehemu kubwa ya bodaboda, ilianza kutumia kanuni za moshi za BS6 mwezi Aprili 2020, na pikipiki nyingi za soko lake la ndani zikahamia kwenye mafuta ya kupulizwa kwa kompyuta. Zile zinazoletwa Afrika nyingi zimebaki na kabureta. Nyingi za zile za Kichina nazo zina injini iliyofuata ramani ya Honda CG125, pikipiki iliyoanza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1970. Kabureta ni rahisi kununua na hufunguliwa kwa bisibisi na spana moja chini ya mwembe. Urahisi huo ndio pia unaoiponza, maana kitu kinachofunguka upesi hufunguliwa kwanza hata kama hakina kosa, na skrubu zake zikishachezewa hakuna anayejua zilikuwa wapi.

Uchunguzi wa pikipiki nzito kuwaka huanza kwa maswali. Je, inazungushwa bila hata kushtuka, au inashtuka na kuzima? Inakubali kwa choki tu na kufa choki ikirudishwa? Au kinyume chake, choki ndiyo inaizamisha, na inawaka mkono wa mafuta ukivutwa hadi mwisho? Inawaka kwa kiki lakini si kwa stata? Inapiga chafya kupitia kabureta? Na ikishapata moto, inakwenda vizuri au bado inamisi? Kila jibu lina njia yake. Pikipiki inayoishi kwa choki peke yake ina mafuta haba, na hapo hutafutwa kilichoziba au panapovuja hewa. Inayoikataa choki ina mafuta ya ziada tangu usiku, na hutafutwa kinachovujisha. Inayowaka kwa kiki na kugomea stata mara nyingi ni habari ya betri, na kuifungua kabureta yake ni kupoteza asubuhi. Yenye hitilafu baridi na moto vilevile si mgonjwa wa makala haya.

Cha kwanza kuangaliwa ni choki yenyewe, kwa sababu si ajabu kuikuta haipo. Kwenye bodaboda nyingi kamba yake imekatika na haikurudishwa, au kidude chake kimefungwa waya kisilete usumbufu. Mwendeshaji akazoea njia nyingine, kuilaza pikipiki ubavuni kwa muda, kuiinua, kisha kupiga kiki. Njia hiyo inafanya kazi, na sababu yake inaeleza mengi. Ndani ya bakuli la kabureta mna boya linaloshikilia kimo cha petroli milimita chache chini ya mdomo wa matundu. Pikipiki ikilazwa, petroli hupanda juu ya kimo hicho na kumwagika kwenye koo la kabureta, na mara injini inapozungushwa inavuta mafuta ya ziada, yaani kile hasa ambacho choki ingefanya. Wengine huziba mdomo wa kabureta kwa kiganja wakati mwenzao anapiga kiki. Kiganja kikitoka kimelowa petroli, mafuta yanafika. Kikitoka kikavu, hayafiki. Kati ya vipimo vyote vya bure, hicho ndicho bora, na aliyekwisha kuvua kasha la chujio la hewa anaweza kukifanya kwa sekunde 10.

Choki ziko za aina mbili, na kuzichanganya ni chanzo cha asubuhi nyingi ndefu. Ya kwanza ni kibao kinachoziba mdomo wa hewa, kama kile cha pikipiki za ukoo wa CG. Hewa ikipungua, mvuto unaongezeka na mafuta yanatoka kwa wingi. Ya pili haizibi kitu. Ni kijipistoni kidogo kinachoinuliwa na kamba au kitufe, kikafungua njia ya pembeni yenye hewa yake na mafuta yake. Njia hiyo hutegemea mvuto mkali unaokuwapo nyuma ya mlango wa mafuta ukiwa umefungwa. Mwendeshaji anayevuta choki ya namna hii huku akizungusha mkono wa mafuta anaua mvuto huo, na choki inakuwa haina kazi. Wengi hufanya hivyo kila siku, kisha huapa kwamba choki ya pikipiki yao ni mbovu. Utaratibu sahihi ni choki yote, mkono wa mafuta uachwe kabisa, kiki mbili tatu. Ikishawaka choki irudishwe nusu, na baada ya dakika moja au mbili iondolewe yote. Choki iliyosahaulika kazini hujaza masizi kwenye plagi na kuosha oili kwenye kuta za silinda.

Choki ya pili ina udhaifu mwingine usioonekana. Inavuta mafuta kwa mrija mwembamba unaoingia kwenye kijishimo kilicho chini kabisa ya bakuli, mahali ambapo kutu ya tangi, vumbi na maji hutulia. Tundu la kijishimo hicho likiziba, pikipiki huenda vizuri siku nzima na kugoma asubuhi tu, na fundi anayepiga resi mchana haoni kitu. Kuna kipimo chepesi. Injini ikiwa imepata moto na inanguruma imetulia, choki huvutwa. Mngurumo lazima ubadilike, upande au ulegee na kutaka kuzima. Usipobadilika hata kidogo, njia ya choki imekufa, ama kwa mrija ulioziba, ama kwa kijipistoni kisichoinuka kwa sababu kamba imelegea. Kijipistoni hicho kina kipande cha mpira kwenye ncha. Mpira ukichakaa, choki haifungi sawasawa na pikipiki inakunywa mafuta mchana kutwa. Mwenye pikipiki huiona hasara hiyo kwenye hesabu ya mafuta ya siku, na ni nadra kuihusisha na choki.

Choki ikiwa nzima na pikipiki bado haiwezi kukaa bila choki, hapo kabureta inastahili kushtakiwa, na mshtakiwa ni mmoja: jeti ndogo, ile inayohudumia injini ikiwa katika mngurumo wa kutulia. Jeti kubwa haihusiki kabisa na kuwasha. Jeti ndogo ni kipande cha shaba nyeupe kama ncha ya msumari, na tundu lake halifiki nusu milimita. Pikipiki ikikaa wiki tatu bila kutumiwa, petroli iliyomo bakulini huruka ile nyepesi na kuacha utando wa rangi ya kahawia unaonata, na utando mwembamba kabisa unatosha kupunguza tundu la namna hiyo kwa robo. Ikiinuliwa kuelekea mwanga wa mbinguni, jeti safi huonyesha duara kamili lenye ukingo mkali. Jeti chafu huonyesha mwezi mchanga, au nuru yenye ukungu. Kuona mwanga tu hakutoshi. Ni lazima duara liwe kamili.

Namna ya kuisafisha ina ubishi mkubwa magereji. Mafundi wengi hutumia uzi mmoja wa kamba ya breki. Chuma hicho ni kigumu kuliko shaba, na kila kinapopita kinachimba. Baada ya mara kadhaa jeti namba 38 inakuwa na tundu la 42 huku ikiwa imeandikwa 38, na hakuna atakayeelewa kwa nini pikipiki inakunywa mafuta. Dawa ya kusafishia kabureta na upepo wa pampu ndivyo vinavyofaa, na kama lazima kitu kipite, basi kiwe uzi laini wa waya wa umeme wa shaba. Upepo upelekwe pia kwenye vijitundu vilivyo kwenye koo la kabureta, karibu na mlango wa mafuta, kwa maana jeti safi iliyofungwa kwenye njia iliyoziba haisaidii kitu.

Mafuta haba yanaweza pia kuwa hewa nyingi. Kati ya kabureta na hedi kuna shingo yenye mpira au gasketi na mviringo wa mpira wa kuzuia uvujaji. Mpira ukipigwa na joto na mtetemo kwa miaka, unapasuka nyufa ndogo zinazoonekana ukiukunja tu. Kwenye baridi mpira hukakamaa na nyufa hufunguka. Injini ikipata joto unalainika na kujifunga kiasi, na ndiyo sababu hitilafu hii hujificha mchana. Kuitafuta si kazi: injini ikiwa inanguruma, hunyunyiziwa maji yenye sabuni kidogo kwenye maungio. Mngurumo ukibadilika maji yanapofika mahali fulani, hewa inaingia hapo. Wapo wanaonyunyiza petroli badala ya maji. Silinda ya moto iko umbali wa sentimita chache, na hakuna haja ya kueleza zaidi.

Kisha kuna mafuta yenyewe. Mbali na vituo, petroli huuzwa kwa chupa kando ya barabara, na chupa ya plastiki iliyosimama juani tangu asubuhi, kizibo kikiwa kimelegea, hupoteza kwanza vile vimiminika vyepesi ambavyo injini baridi inavitegemea. Mafuta hayo huendesha pikipiki yenye moto bila tatizo. Hali ni mbaya zaidi yakiwa yamechanganywa na mafuta ya taa, ambayo huanza kuchemka kwenye nyuzi kama 150 na kwa asubuhi ya baridi ni sawa na maji. Uchakachuaji huo ulikuwa mkubwa kiasi cha serikali kuingilia kati. Nchini Tanzania, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili bei yake ikaribiane na ya dizeli na petroli. Kenya nayo ilianza mwaka 2018 kutoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa nia hiyohiyo. Kwenye gereji kipimo ni kidogo zaidi: skrubu ya chini ya bakuli hufunguliwa, petroli ikakingwa kwenye chupa nyeupe na kuachwa itulie. Maji hukaa chini kama shanga zinazoviringika. Tone likiwekwa juu ya karatasi safi, petroli huruka bila kuacha alama, na mafuta ya taa huacha doa la mafuta.

Pikipiki inayoikataa choki ina kisa kingine. Sindano ya boya ikichakaa au ikiwa na punje ya mchanga, haizibi sawasawa, na petroli hudondoka polepole usiku kucha kama koki ya tangi imeachwa wazi. Asubuhi silinda imelowa, plagi imelowa, na choki inazidisha mafuriko. Tiba ya papo hapo ni kufunga koki, kufungua mkono wa mafuta mpaka mwisho na kupiga kiki bila choki ili hewa iipukute petroli. Tiba ya kweli ni sindano mpya na kalio lake. Hitilafu hii isiachwe, kwa kuwa petroli hiyo hupenya ringi na kuingia kwenye oili. Oili iliyopanda juu ya alama na kunuka petroli haifai tena kuendeshea pikipiki hata hadi dukani, maana imepoteza unene wa kulinda beringi.

Mafuta yakiwa sawa, huja zamu ya moto. Plagi iliyotolewa mara baada ya kushindwa kuwasha husema mengi kwa sura yake. Ikiwa kavu na nyeupe, mafuta hayakufika. Ikiwa imelowa petroli, ama mafuta yamezidi ama cheche haikutoka. Masizi makavu meusi ni mafuta mengi au chujio la hewa lililoziba, na weusi wa kunata ni oili inayopita ringi au sili za valvu. Nafasi kati ya ncha zake kwa pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 ni kati ya milimita 0.6 na 0.7. Ikipanuka kwa kuliwa, cheche inahitaji umeme wenye nguvu zaidi wa kuruka, na asubuhi ndipo umeme huo unapopungua. Cheche inayoonekana plagi ikiwa nje imegusishwa chuma si ushahidi kamili, kwa kuwa ndani ya silinda hewa imebanwa na kuruka ni kugumu zaidi. Cheche nene ya buluu yenye kutoa mlio inatosha. Nyembamba ya rangi ya chungwa haitoshi. Kipimo hicho kifanywe mbali na tundu la plagi, ambalo hupuliza ukungu wa petroli kila kiki inapopigwa.

Kuna jambo la aina ya mfumo wa umeme ambalo mafundi wengi hawalipi uzito. Kwenye baadhi ya pikipiki kisanduku cha CDI, kinachoamuru cheche, hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili za sumaku. Kwenye nyingine hupata kwa betri. Aina ya pili ikiwa na betri iliyochoka, stata hunywa umeme wote na CDI hubaki na makombo: injini inazunguka, cheche haipo. Ukipiga kiki inawaka mara moja. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo, na stata ikibonyezwa isishuke chini ya 10 hivi. Aina ya kwanza haijali betri, bali hutegemea kasi ya kuzungushwa, na hapo oili huingia kwenye kisa. Oili ya 20W-50, inayouzwa kila duka, huwa nzito sana ikipoa. Kwa wanaolala kwenye nyuzi tano au chini ya hapo, 10W-30 au 10W-40 ya pikipiki huifanya kiki iwe nyepesi na cheche kuwa na nguvu, mradi kitabu cha pikipiki kinairuhusu. Oili hiyohiyo nzito hugandisha sahani za klachi, ndiyo maana kushika klachi wakati wa kuwasha ni tabia njema hata gia ikiwa huru.

Hitilafu inayosahaulika kuliko zote ni tapeti. Valvu zinavyofanya kazi huzama kidogo kidogo kwenye makalio yake, na nafasi iliyo kati ya valvu na mkono unaoisukuma hupungua badala ya kuongezeka. Tapeti iliyolegea hupiga kelele, na mwenye pikipiki huipeleka kwa fundi. Iliyobana iko kimya, na ukimya huo husifiwa kwamba injini bado mpya. Katika injini nyingi ndogo zenye silinda na hedi ya alumini, alumini hutanuka kuliko chuma cha pua cha valvu, kwa hiyo nafasi huongezeka joto linapopanda. Maana yake ni kwamba valvu iliyobana haifungi sawasawa injini ikiwa baridi, mbano unavuja, pikipiki haiwaki au inapiga chafya. Ikisukumwa kilimani na kuwaka, baada ya dakika tano inakuwa nzima. Dalili hizo zinafanana kabisa na za jeti iliyoziba, na kabureta nyingi zimebadilishwa kwa kosa hilo. Kipimo hufanywa injini ikiwa baridi kabisa, alama ya T ya sumaku ikiwa imelingana na alama ya kwenye kasha, na valvu zote mbili zikiwa zimefungwa. Nafasi inayotakiwa kwa injini nyingi za aina hii iko kati ya milimita 0.05 na 0.10, nayo hupimwa kwa fila na si kwa kutikisa kwa kidole. Kazi yote haizidi nusu saa, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kabureta mpya.

Tapeti zikiwa sawa na bado kiki ni laini isiyo na ukinzani, hupimwa mbano kwa geji, mkono wa mafuta ukiwa wazi kabisa. Kipimo kikiwa chini, kijiko cha chai cha oili humiminwa kupitia tundu la plagi na kupimwa tena. Kikipanda, ringi na silinda zimeliwa. Kisipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi. Hapo habari si ya baridi tena, ni ya kushusha injini.

Skrubu ya mchanganyiko iliyo ubavuni mwa kabureta huguswa mwisho, mengine yote yakiwa yamethibitishwa, na injini ikiwa na moto. Iliyo upande wa injini hupima mafuta, na kuifungua huongeza mafuta. Iliyo upande wa chujio hupima hewa, na kuifungua huyapunguza. Asiyejua tofauti hiyo hurekebisha kinyume. Huanzwa na mzunguko mmoja na nusu hadi miwili kutoka ilipokaza, kisha hutafutwa mahali ambapo mngurumo uko juu na umetulia, na baada ya hapo kasi hurudishwa kwenye mizunguko 1,400 hivi kwa dakika kwa skrubu nyingine ya mlango wa mafuta. Kuipandisha kasi hiyo ili pikipiki isizime asubuhi ni kuificha hitilafu na kuilipia kila siku kwenye pampu.

Waendeshaji wengi hulaza pikipiki sebuleni kwa kuogopa wezi, na huko ndani pia ni joto kidogo, kwa hiyo inawaka vizuri. Lakini kuiwasha humo ni hatari. Injini yenye choki hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi kuliko wakati wowote mwingine, gesi isiyo na harufu wala rangi, na kabureta inayovuja haifai kulala chumba kimoja na jiko la mkaa.

Matokeo ya kazi yote hayajulikani siku hiyohiyo. Injini iliyofunguliwa saa nne na kufungwa saa nane mchana bado ina joto la jua na la kuwashwa mara kwa mara, na itawaka kwa kiki moja hata kama hakuna kilichotengenezwa. Fundi makini hubaki nayo mpaka kesho yake, nje, koki ikiwa imefungwa. Asubuhi huifungua, hungoja bakuli lijae, huvuta choki, huacha mkono wa mafuta na kupiga kiki. Ikiwaka ndani ya kiki tatu, ikakaa bila choki kabla ya dakika mbili kuisha, na ikakubali kuvutwa resi bila kupiga chafya, mwenyewe anaweza kuitwa aje na fedha.